Mwana Kupona na Alice Werner: Mama Aliyetunga, Mshairi Aliyefasiri



Jumamosi iliyopita, katika darasa la wakubwa, tulifika kwenye ukurasa wa Mwana Kupona. Tulikuwa hatujamaliza hata utangulizi mwanafunzi mmoja alipoinua mkono na kuuliza: "Mwalimu, kwa nini tusome shairi linalomfundisha msichana kumpepea mumewe akilala? Bibi yangu mwenyewe hafanyi hivyo." Darasa lilicheka, lakini swali lilikuwa zuri, na kengele ililia kabla halijajibiwa vya kutosha. Niliahidi kulijibu hapa.

Jibu linapitia kwa wanawake wawili. Wa kwanza ni Mwana Kupona binti Mshamu wa kisiwa cha Pate, aliyetunga. Wa pili ni Alice Werner, mshairi wa Kiingereza aliyekisoma Kiswahili mpaka akaufasiri utenzi huo. Hawakuwahi kuonana. Wa pili alizaliwa karibu wakati ule ule wa kwanza alipokuwa akiaga dunia. Hata hivyo, kama wa pili asingefanya kazi yake, wengi wa wasomaji wa mbali wasingemjua wa kwanza. Na safari ya huyo wa pili ilipita katika nchi hii tunayoishi.

MWANA KUPONA ALIKUWA NANI?

Chukua ramani ya Kenya, ufuate pwani kuelekea kaskazini hadi karibu na mpaka wa Somalia. Utaona visiwa vya Lamu, Manda na Pate. Katika Pate kuna mji wa Siyu. Leo ni mji mdogo wenye ngome ya zamani, lakini katika karne ya 19 ulisifika kwa mafundi wa ngozi na mbao, na kwa waandishi walionakili Kurani kwa mkono. Wino na karatasi havikuwa vitu vigeni katika nyumba za huko.

Mwana Kupona alizaliwa katika kisiwa hicho. Angalia jina lake. "Mwana" hapa si mtoto. Katika pwani ya kaskazini ni neno la heshima kwa mwanamke, kama tunavyosema Bi. "Kupona" unalijua: ni kutoka katika ugonjwa ukawa mzima.

Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Huyu alikuwa mtu wa vita. Kwa miaka mingi aliongoza watu wake kumpinga Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, aliyetaka kuiweka pwani yote chini ya bendera yake. Fikiria basi maisha ya mke katika nyumba hiyo: mume anaondoka, habari zinakuja usiku, mji unazingirwa, na watoto wanataka kula kama siku nyingine zote. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856 na kumwacha Mwana Kupona mjane mwenye watoto wawili, mmoja wao binti aitwaye Mwana Hashima.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1858, ambao ni mwaka 1275 wa Hijria, Mwana Kupona alikuwa mgonjwa. Hakuwa na hakika ya kumwona binti yake akiolewa, wala kumwona akilea. Mama wa namna hiyo hufanya nini? Alimwita binti yake karibu, akamwambia alete wino na karatasi, akaanza kutunga. Karibu mwaka 1860 alifariki. Utenzi ukabaki.

Sasa turudi kwenye swali letu. Kabla ya kuuliza shairi linasema nini juu ya waume, kumbuka kwanza limetoka kinywani mwa nani na wakati gani. Ni mama anayeona siku zake zimekuwa chache, na binti yake bado ni kijana.

UTENZI UNASEMA NINI?

Utenzi una beti mia moja na chache. Tukiugawa kwa urahisi, una sehemu tano.

Kwanza ni wito. Mama anamwita binti, anataka wino na karatasi, na anamwahidi zawadi. Zawadi hiyo anaifananisha na hirizi ya kumlinda na kidani cha lulu na marijani cha kuvaa shingoni. Yaani maneno anayompa ni pambo na ni kinga kwa wakati mmoja.

Pili ni dini na adabu. Binti ashike dini yake, awe na ulimi mzuri, awe mkweli, aheshimu watu na asiingie katika mambo ya upuuzi.

Tatu ni ndoa, sehemu iliyolichekesha darasa letu. Amridhishe mumewe, asimchoshe kwa madai, aweke nyumba safi, ajipambe, ampepee akilala. Lakini soma kwa makini. Mahali pamoja Mwana Kupona anamfananisha mume na mtoto mdogo ambaye bado hajaanza kuzungumza, anayehitaji kutunzwa. Huyu ni mjane wa mtawala aliyepigana na Sultani! Je, anamtukuza mume hapo, au anamnong'oneza binti siri fulani juu ya wanaume? Wataalamu hawajakubaliana. Kwa miaka mingi wengi waliuona utenzi huu kuwa mafundisho ya utii tu. Wengine, kama mtafiti Ann Biersteker, wameonyesha kwamba unaweza kusomwa kwa namna nyingine, kwamba chini ya maneno ya utii kuna mwanamke anayejua nguvu yake na anayejua kucheza na lugha.

Nne ni ushuhuda. Anaeleza ndoa yake mwenyewe: waliishi na mumewe kwa mapenzi, na siku za mwisho mume alimshukuru na kumwombea.

Tano ni dua. Anawaombea watoto wake, ndugu zake na Waislamu wote, na anajiombea nafuu katika ugonjwa wake. Pia anawageukia wanawake wote na kuwasihi wausome. Hivyo barua ya mama kwa binti mmoja inakuwa barua kwa mabinti wengi.

Kuna jambo moja ambalo sitalificha. Katika mashauri yake, Mwana Kupona anamwonya binti asichangamane na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Ndiyo, katika nyumba hiyo walikuwamo watumwa, na mtunzi wetu mpendwa aliliona jambo hilo kuwa la kawaida. Tunaoishi Afrika Kusini tuna sababu ya kutoupita ubeti huo mbio. Kuanzia mwaka 1873, miaka 15 tu baada ya utenzi kutungwa, watu waliotolewa na manowari za Kiingereza kwenye majahazi ya biashara ya watumwa waliletwa Durban. Wengi walikuwa Wamakua, lakini mjini waliitwa Wazanzibari, na wajukuu zao wako Chatsworth hadi leo, baada ya sheria za ubaguzi kuwahamisha kutoka Bluff katika miaka ya 1960. Kuna anayesoma utenzi akijiona mahali pa binti aliyepewa kidani. Kuna anayeusoma akijiona mahali pa yule asiyetajwa jina, aliyebeba maji. Kuheshimu urithi si kuufumbia macho.

UTENZI HUJENGWAJE?

Watu wa Lamu na Pate husema "utendi", sisi katika Kiswahili sanifu tunasema "utenzi". Ubeti wa utenzi una vipande vinne. Kila kipande kina mizani 8, yaani silabi 8. Vipande vitatu vya kwanza vina kina kimoja mwishoni. Kipande cha nne kina kina chake, na kina hicho kinarudi mwishoni mwa kila ubeti tangu mwanzo hadi mwisho. Ni kama uzi unaopita katikati ya shanga zote.

Nimetunga beti mbili za mfano ili uhesabu kwa vidole:

Jua lachwea mjini,
Nasimama kituoni,
Namsubiri jirani,
Tupande basi la mwisho.

Nyumbani nakuta mama,
Apika huku asema,
Neno lake la hekima
Ni la leo na la kesho.

Hesabu: Ju-a-la-chwe-a-m-ji-ni. Nane. Kumbuka kwamba "m" ya "mjini" ni silabi peke yake. Sasa angalia vina: katika ubeti wa kwanza ni "ni, ni, ni", katika wa pili ni "ma, ma, ma". Lakini "mwisho" na "kesho" vinaitana kutoka ubeti hadi ubeti kwa "sho".

Kwa nini mama mgonjwa ajisumbue na mizani na vina? Kwa sababu maneno yenye mizani hayapotei upesi. Binti anaweza kuyakumbuka akiwa anasuka, anapika au anabembeleza mtoto. Karatasi inaweza kuliwa na mchwa, lakini wimbo uko kichwani. Mwana Kupona alijua kwamba hatakuwapo wa kurudia, kwa hiyo akachagua umbo linalojirudia lenyewe.

ALICE WERNER: KUTOKA TRIESTE HADI LAMU

Alice Werner alizaliwa mwaka 1859 katika mji wa bandari wa Trieste, ambao leo uko Italia. Baba yake alikuwa mwalimu wa lugha, na familia ilihama sana. Kabla hajawa msichana mkubwa alikuwa amekwisha kuishi New Zealand, Mexico na Marekani, ndipo familia ilipotulia Uingereza. Wengi wenu mnayajua maisha hayo: kuhama shule, kujifunza salamu mpya, kuwa mtu wa lugha moja nyumbani na nyingine nje.

Alisoma katika Chuo cha Newnham, Cambridge, wakati ambapo wanawake waliruhusiwa kusoma huko lakini hawakupewa shahada. Alianza kama mwandishi, na mwaka 1886 alichapisha kitabu cha mashairi yake. Weka jambo hilo akilini. Aliyekuja kuufasiri utenzi wa Mwana Kupona alikuwa ameshahangaika yeye mwenyewe kutafuta neno linalokaa mahali pake katika mstari.

Mwaka 1893 alikwenda Nyasaland, yaani Malawi ya leo. Mwaka 1894 akawa Natal, hapa Afrika Kusini. Baadaye aliporudi London alifundisha isiZulu na Kiafrikaans katika Chuo cha King's. Kati ya mwaka 1911 na 1913 alisafiri Afrika Mashariki, akafika Lamu na sehemu nyingine za pwani. Huko alikutana na watu walioyahifadhi mashairi ya zamani kwa kumbukumbu na kwa miswada. Mmoja wa watu waliomsaidia kupata nakala alikuwa Muhamadi Kijuma wa Lamu, mshairi, mchongaji na mwandishi wa hati nzuri sana. Tunapomsifu mfasiri tusimsahau Kijuma. Bila mkono wake, wataalamu wengi wa Ulaya wasingekuwa na cha kufasiri.

Mwaka 1917 Alice Werner alichapisha maandishi ya utenzi wa Mwana Kupona pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Mwaka huo huo Chuo cha Masomo ya Mashariki kilifungua milango yake London, naye akawa mmoja wa walimu wake. Alipanda hadi kuwa profesa wa Kiswahili na lugha za Kibantu, na akastaafu mwaka 1930. Pamoja na dada yake Mary aliandika kitabu cha kuanzia Kiswahili. Mwaka 1934, akishirikiana na William Hichens, alitoa utenzi huo tena kama kitabu chake pekee. Mwaka uliofuata, 1935, alifariki.

KAZI YA MFASIRI ILIKUWA NGUMU WAPI?

Ugumu wa kwanza ulikuwa hati. Mwana Kupona hakuandika kwa herufi tunazotumia sisi. Kiswahili cha wakati wake kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na Kiarabu hakina "p". Waandishi wa zamani walitumia herufi moja, ba, kwa sauti za "b", "p" na hata "mb". Kwa hiyo ukiliona neno kwenye mswada unaweza kulisoma "kubona" au "kupona", na ni wewe unayepaswa kujua lipi ndilo. Maana yake ni hii: hati ile ilimsaidia tu mtu aliyekijua Kiswahili tayari. Lugha ilipaswa kuwa sikioni kabla ya kuwa machoni.

Wazazi, jambo hilo linatuhusu. Tunaweza kuwapa watoto vitabu vizuri, lakini wasipokisikia Kiswahili mezani, gari linapokwama kwenye foleni au tunapopiga simu Mombasa, Bukavu au Tanga, kitabu kitakuwa kama mswada ule: herufi wanaziona, sauti hawaipati.

Ugumu wa pili ulikuwa lahaja. Kiswahili cha Lamu na Pate si hiki cha vitabu vyetu. Jaribu maneno haya:

Sisi tunasema macho, wao husema mato.
Sisi tunasema nchi, wao husema nti.
Sisi tunasema moja, wao husema moya.
Sisi tunasema njia, wao husema ndia.
Sisi tunasema maji, wao husema mai.

Mtoto wa Kikongo katika darasa letu akisema neno kwa namna ya Lubumbashi, na wa Kitanzania akamcheka, mkumbusheni kwamba utenzi mashuhuri kuliko mingi katika lugha yetu umeandikwa kwa Kiswahili ambacho mwalimu wenu angekitia alama nyekundu.

Ugumu wa tatu ulikuwa ushairi wenyewe. Ukifasiri maana, mizani inavunjika. Ukishika mizani, maana inakimbia. Kila mfasiri hukutana na mlango huo. Sol Plaatje alikutana nao alipomtia Shakespeare katika Setswana. Mwalimu Nyerere alikutana nao alipomleta katika Kiswahili. Antjie Krog, mshairi wa Kiafrikaans, alikutana na mlango wa namna hiyo alipoyahamishia maisha ya Nelson Mandela katika lugha ambayo kwa wengi ilikuwa lugha ya waliomfunga. Kufasiri kuna uzito wake, kwa maana unapokea maneno ya mtu mwingine kisha unachagua yatasikikaje kwa wasiomjua.

LUGHA YETU NA LUGHA YA MTAANI

Alice Werner aliandika pia kitabu cha kueleza jinsi lugha za Kibantu zinavyofanana. Nyinyi hamhitaji kusafiri ili kuona jambo hilo. Tokeni nje tu, msikilize.

isiZulu umuntu, Kiswahili mtu.
isiZulu inyama, Kiswahili nyama.
isiZulu inyoka, Kiswahili nyoka.
isiZulu amafutha, Kiswahili mafuta.
isiZulu ukufa, Kiswahili kufa.
isiZulu ukubona, Kiswahili kuona.
isiZulu imvula, Kiswahili mvua.
isiZulu ukuphola, Kiswahili kupoa.

Tazama tatu za mwisho. Katika "kuona" sauti ya "b" imetoka. Katika "mvua" na "kupoa" sauti ya "l" imetoka. Kiswahili kimezidondosha njiani, isiZulu imezitunza. Kwa hiyo rafiki yako wa Soweto akikuambia "phola", yaani tulia, na binamu yako wa Nairobi akikuambia "poa", wamekupa neno lile lile kutoka chungu kimoja. Na katika isiZulu kidonda kikikauka husemwa kimephola. Mtu wa isiZulu hayuko mbali na maana ya jina la Mwana Kupona.

Mwaka 2018 serikali ya Afrika Kusini ilitangaza kwamba Kiswahili kitakuwa somo la hiari katika shule za nchi hii. Wengine walishangaa: lugha hiyo ya mbali, ya nini hapa? Wewe ukiulizwa, jibu kwa orodha hiyo hapo juu.

JINA LA KITABU LINAVYOBADILISHA SHAIRI

Sasa tufike kwenye kiini cha swali letu. Toleo la 1934 lilipewa jina la Kiingereza ambalo tukilifasiri ni "Mashauri ya Mwana Kupona juu ya Wajibu wa Mke". Pwani watu waliuita, na bado wanauita, Utendi wa Mwana Kupona, basi. Unaona tofauti? Jina la pwani linakutajia mwanamke aliyetunga. Jina la Kiingereza linakuambia mapema uutafute wajibu wa mke, na ukitafuta kitu utakipata. Msomaji wa London aliyefungua kitabu hicho alikuwa ameshaambiwa shairi ni la nini. Wino, karatasi, ugonjwa, dua, mjane anayekumbuka, yote hayo yakasogea pembeni.

Sisemi Alice Werner alifanya vibaya. Alifanya kazi ya miaka, alimheshimu mtunzi, na alimpeleka mahali ambapo wengi waliamini Waafrika hawana fasihi ya maandishi, tena ya mwanamke. Nasema tu kwamba hata mfasiri mwema huacha alama ya kidole chake. Ndiyo sababu tunataka nyinyi msome Kiswahili chenyewe. Siku mkiweza kuusoma utenzi huu bila kupitia Kiingereza, hamtahitaji kuambiwa na jalada la kitabu ni wa nini.

JIBU KWA MWANAFUNZI WETU

Uliuliza kwa nini tusome shairi linalomfundisha msichana kumpepea mume.

Hatulisomi ili ukampepee mtu. Wewe na mama yako mtajua jinsi ya kuendesha nyumba zenu hapa Johannesburg mwaka huu, kama Mwana Kupona alivyojua ya Siyu mwaka 1858. Tunalisoma kwa sababu mwanamke mmoja, akiwa mgonjwa na mjane, aliamini kwamba alichokuwa nacho kichwani kilistahili kuandikwa, kwa lugha yake, kwa sanaa ngumu, na kwa ajili ya binti. Hakuacha wosia wa mashamba. Aliacha maneno. Na maneno hayo yamevuka bahari, hati mbili na vita viwili vya dunia mpaka yamefika kwako, nawe ukainua mkono ukabishana nayo. Mtu aliyekufa zaidi ya miaka 160 iliyopita amekufanya ubishane. Huo nao ni uhai.

Kubali unaloweza kulikubali. Kataa unalolikataa, lakini kwanza lisikilize mpaka mwisho. Bibi yako hampepei babu, sawa. Muulize basi mama yake alimwambia nini alipoolewa. Unaweza kushangaa kwamba katika familia yenu pia kuna utenzi, ila haujapata wa kuuandika.

MSAMIATI

Utenzi (utendi): shairi refu la masimulizi au mafundisho, lenye beti za vipande vinne.
Mizani: idadi ya silabi katika kipande.
Kina (wingi: vina): silabi za mwisho zinazofanana.
Mswada (wingi: miswada): maandishi ya mkono ambayo hayajachapishwa.
Hati: mwandiko, au aina ya herufi zinazotumika kuandikia.
Lahaja: namna ya kusema lugha katika eneo fulani.
Kufasiri: kuhamisha maana kutoka lugha moja hadi nyingine.
Mjane: mwanamke aliyefiwa na mume.
Wosia: maneno au maagizo anayoyaacha mtu kabla ya kufa.
Marijani: vijiwe vyekundu vya baharini vinavyotumika kutengenezea mapambo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini Mwana Kupona alichagua utenzi badala ya kumwambia binti yake kwa maneno ya kawaida?
2. Ukiufasiri utenzi huu kwa isiZulu, jina la kitabu lingekuwa nini? Eleza sababu zako.
3. Tuusomeje ubeti unaohusu watumwa? Tuuache, tuueleze au tufanye nini?
4. Muhamadi Kijuma, Alice Werner na Mwana Kupona: nani kati yao anastahili jina lake liwe kwenye jalada? Je, wote?

ZOEZI LA NYUMBANI

Kaa na mzazi, bibi, babu au mlezi wako kwa nusu saa. Kama yuko mbali, mpigie simu. Mwombe akupe shauri moja ambalo angependa ulikumbuke hata kama hayupo. Liandike kwa Kiswahili kama alivyolisema, kwa lahaja yake, usilisahihishe. Kisha jaribu kuligeuza kuwa ubeti mmoja wa utenzi: vipande vinne, mizani 8 kila kimoja, vina vitatu vya kwanza sawa, na kipande cha nne kiishie na "sho", ili beti zetu zote ziungane na zile mbili za mfano.

Wadogo ambao bado hamjaanza kuandika vizuri, chora mtu wa nyumbani kwako akiwa na kalamu na karatasi, na mwombe mkubwa aandike chini neno moja alilosema.

Leteni kazi Jumamosi ijayo. Tutazipanga ukutani moja baada ya nyingine, mpaka darasa zima liwe na utenzi wake. Wazazi, msiwaandikie! Makosa ya mizani tutayarekebisha pamoja darasani. Shauri lenyewe hakuna anayeweza kuwaletea isipokuwa nyinyi.

Kwaherini, na tuonane Jumamosi.

Mwalimu wenu wa darasa la wakubwa